Polisi na ubaguzi: maswali ninayoulizwa kila Jumamosi Kisumu

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, mtoto wa Kaptembwo, Nakuru, niliyehamia Kisumu kutafuta kazi na nikabaki. Jumamosi tunaweka meza ya plastiki na viti vinne chini ya mti Manyatta, na watu wanakuja, wengine na karatasi zao, wengine na hasira tu. Maswali yanajirudia, ndiyo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Penye sheria nimetaja sheria. Palipo na maoni yangu utayatambua mwenyewe.

Askari mkali na askari mbaguzi, tofauti iko wapi?

Askari anayemfokea kila mtu ni mkali tu, na una haki ya kumlalamikia kwa ukali wake. Ubaguzi ni pale watu wawili waliofanya jambo lile lile wanapopimwa kwa mizani mbili. Vijana wawili wa bodaboda wamekamatwa bila kofia za usalama: mmoja anaambiwa "nenda ununue kofia, kijana," mwingine analala seli. Ukiuliza kwa nini, hakuna anayekujibu, na huko kutojibiwa ndiko watu hukumbuka kuliko usiku wenyewe wa seli.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza serikali kumbagua mtu. Wengi wanajua kwamba kabila na dini zimetajwa humo. Wachache wanajua kwamba mavazi yametajwa pia, na lugha, na asili yako ya kijamii. Nikiwasomea orodha ile pale mezani huwa naombwa nirudie neno "mavazi".

Lakini hizi si hisia tu? Mbona msisubiri ushahidi?

Hisia za mtu mmoja ni zake. Zikiwa za mtaa mzima, hilo ni suala la usalama. Mama mmoja wa Obunga aliibiwa cherehani mbili. Mwizi mama alimjua, na nyumba ya mwizi aliijua. Nilipomuuliza kwa nini hajapiga ripoti alinitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga: "Nikaripoti kwa nani, mwanangu?" Mwizi akabaki na cherehani. Hapo hakuna askari aliyembagua mama yule siku hiyo. Alishajihukumia mwenyewe kwamba hatasikilizwa, na hukumu hiyo ilitokana na mambo aliyoyaona miaka mingi.

Mtafiti Mmarekani, Tom Tyler, aliwahoji wakazi wa Chicago katika miaka ya 1980 kuhusu walivyokutana na polisi na mahakama. Alikuta kwamba watu walijali zaidi kama walisikilizwa na kuheshimiwa kuliko kama walishinda au walishindwa. Chicago si Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, ila kwa jambo hili sioni tofauti. Waliokuja kwangu baada ya kutozwa faini ya haki hununa siku mbili wakasahau. Wanaobaki na kinyongo ni wale ambao hawakuambiwa kosa lao.

Ni kabila au ni umaskini?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu langu huwaudhi watu wa pande zote mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi na mwenzangu wa darasa tulikuwa tukitembea Kenyatta Avenue, mjini Nakuru, tukitoka kutazama mpira. Tochi ikatuwakia usoni. "Mnatoka wapi? Mnakaa wapi?" Mwenzangu akajibu kwanza: Milimani, mtaa wa wenye nazo. Tochi ikashuka hadi kifuani. "Na wewe?" Nikasema Kaptembwo. Tochi ikarudi usoni kwangu, ikashuka kwenye viatu, ikapanda mifukoni, ikatulia. "Kaptembwo gani?" Ni kama kuna Kaptembwo mbili, moja ya watu na moja ya wezi, na nilitakiwa nichague.

Mwenzangu aliambiwa aende nyumbani mapema, wazazi wasije wakawa na wasiwasi. Mimi nilipandishwa kwenye Land Cruiser. Baba alikuja alfajiri na shilingi elfu moja, ikapokelewa bila risiti, na jina langu halikuandikwa popote. Jambo ambalo nimekaa nikilitafakari miaka yote hii ni hili: mimi na mwenzangu ni wa kabila moja, na yule askari, kwa lafudhi yake, alikuwa wa kabila letu pia.

Kwa hivyo siku za kawaida, kwa kadiri nilivyoona mimi, ubaguzi ni wa mfuko na wa mtaa. Unaulizwa unakaa wapi kabla ya kuulizwa ulifanya nini. Kaptembwo, Rhonda na Bondeni kwa Nakuru. Nyalenda, Obunga na Manyatta kwa Kisumu. Langas kwa Eldoret. Taja mojawapo usiku uone tochi inavyokwenda.

Msimu wa siasa ukifika, mizani inabadilika. Hapo kitambulisho kinasomwa jina la mwisho kwanza. Kitambulisho cha zamani ukikigeuza nyuma kina wilaya, tarafa na lokesheni, na nimewaona askari wakikigeuza hata kabla ya kutazama picha. Kijana wa Milimani aliyesalimika mwezi wa tatu anaweza asisalimike mwezi wa nane, kama jina lake ni la upande ulioshindwa. Anayesema ni kabila tupu hajawahi kulala seli Jumanne ya kawaida, na anayesema ni umaskini tupu hakuwa Kisumu Agosti 2017.

Mbona watu wa Kisumu hawasahau?

Kwa sababu kila kizazi kimepewa chake cha kukumbuka.

Wazee huanza na tarehe 25 Oktoba 1969, siku Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kukatokea zomeazomea, walinzi na polisi wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilisema waliokufa ni 11; wazee wa hapa hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Hospitali siku hizi inaitwa Jaramogi Oginga Odinga, lakini ukipanda matatu sema tu "Russia", utashushwa pale pale. Jina hilo limebeba siku ile hadi leo, na watoto wanalitamka bila kujua.

Kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Januari 2008 kamera ya televisheni ilimnasa askari hapa Kisumu akimpiga risasi mwandamanaji asiye na silaha. Nchi nzima iliona. Askari alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 2010 akaachiliwa kwa sababu bunduki iliyochunguzwa na wataalamu haikuoana na ile aliyokuwa amekabidhiwa. Ukimwambia mtu wa Kondele kwamba alete ushahidi, kumbuka aliwahi kuuona ushahidi kwenye runinga na haukutosha.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Agosti 2017, matokeo ya urais yakiwa yametangazwa jioni, polisi waliingia nyumba kwa nyumba. Huko Nyalenda mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, alipigwa rungu akiwa amebebwa na mama yake, akafa siku tatu baadaye. Machi 2023 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliuawa kwa risasi katika maandamano.

Halafu ikaja Juni 2024, maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, na gesi ya machozi ikafika miji ambayo haikuwa imeizoea. Mzee mmoja pale mezani kwetu aliangalia picha za Nyeri kwenye simu ya mjukuu wake, akarudisha simu, akasema neno moja tu: "Karibuni." Tulicheka, ila haikuwa mzaha mtupu. Kwa miaka mingi mtu wa Kisumu akisema polisi wamempiga aliambiwa anapenda fujo. Mwaka ule alipata mashahidi katika kaunti ambazo hakuzitarajia.

Nina dredi. Je, ni kosa?

La. Soma tena kifungu cha 27, neno "mavazi".

Nakuru jambo hili lina uchungu wake. Genge la Confirm lilipotikisa mitaa, hasa mwaka 2022 wanawake walipouawa majumbani upande wa Mawanga, watu wenyewe walikuwa wakiwasihi polisi wafanye msako, na mimi sitajifanya kwamba hofu ile haikuwa ya kweli. Lakini msako ulipokuja, alama ya genge ikawa kijana mwembamba, nywele ndefu, suruali iliyobana. Waliokamatwa kwa sura walikuwa wengi, na kwao Confirm likawa tusi jipya.

Mara nyingi kosa linaloandikwa ni kuzurura au kuleta fujo, kwa sababu haya hayahitaji mwathiriwa. Yanahitaji neno la askari peke yake. Kwenye Kanuni ya Adhabu, sehemu ya 182, bado kuna kosa la mtu "mvivu na mkorofi" tulilorithi kutoka kwa mkoloni. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwani zinawaadhibu watu kwa hali zao, si kwa matendo yao. Yalikuwa maoni ya ushauri tu, basi vijana bado wanakamatwa.

Mama pima anakamatwa kila wiki, mwenye baa kubwa haguswi. Huo si ubaguzi?

Hapa lazima niwe mkweli pande zote. Tangu sheria ya vileo ya 2010, ile watu huiita sheria ya Mututho, chang'aa, pombe kali ya kienyeji, si haramu kwa jina lake. Ni haramu kama haikutengenezwa kwa viwango, haina leseni, haikufungwa kwenye chupa za kioo. Mama anayepima kwa kikombe nyuma ya nyumba anavunja sheria. Sijifichi kwenye hilo.

Ila kukamata ni jambo moja na kukusanya ni jambo lingine. Mama wawili wamenisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, kuhusu siku ya kukusanya: askari haingii ndani, anapiga honi, mtoto anatumwa na noti iliyokunjwa. Wiki ambayo noti imekosa ndiyo wiki ya msako, mitungi inamwagwa, mama anapandishwa gari mbele ya watoto. Mwenye baa anayeuza baada ya saa za leseni naye hutoa, tena zaidi, lakini kwake hakuna mlango unaovunjwa. Basi nakubali, ni ubaguzi. Lakini kortini hutashinda kesi kwa kusema "mbona yule".

Nikisimamishwa usiku nifanye nini?

Simama. Mikono ionekane. Salimia, kwa sababu "habari ya kazi, afande" haijawahi kumdhuru mtu. Toa kitambulisho kwa utaratibu, usiingize mkono mfukoni ghafla. Uliza mara moja tu, kwa sauti ya chini: nimekamatwa au naweza kwenda? Ukiwa umekamatwa, kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine unaowahitaji wakusaidie.

Usibishane sheria gizani. Nasema hivi nikijua kwamba kuna watakaoniona mwoga. Nimewahi kumwona kijana aliyekariri katiba nzima akipoteza jino moja kwa ajili ya kifungu kimoja. Mahali pa kubishania ni kortini na kwenye barua, wakati kuna mwanga na watu.

Kichwani weka vitu vitatu: saa, mahali, na namba ya gari. Magari ya polisi mengi huanza na GK.

Mbona watu wengi hukamatwa Ijumaa?

Kwa sababu ya hesabu. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa saa moja jioni, saa 24 zinaishia Jumamosi, na kwa hivyo unaweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Wenye nia mbaya wanaijua hesabu hii kuliko mahakimu. Siku tatu ndani kwa kijana wa mkono kwa mdomo ni kibarua kilichopotea, na ndiyo maana familia huja na "chai" Jumamosi asubuhi.

Jua pia kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halipaswi kukuweka rumande. Kifungu hicho hicho cha 49.

Bondi ya polisi inalipiwa?

Bondi ya bila pesa ni bure. Ukiambiwa ulipe dhamana ya pesa taslimu, dai risiti ya serikali. Pesa hizo hurudi kesi ikiisha. Pesa isiyo na risiti ina jina lingine na wewe unalijua.

Kwenye dawati la ripoti naambiwa "rudi kesho". Nifanyeje?

Tukizungumzia ubaguzi tunafikiria rungu na risasi, kumbe mwingi hutokea mezani, kwa kalamu. Anaingia mzee mwenye koti, anavutiwa kiti. Anaingia dada wa sokoni Kibuye mwenye jicho lililovimba, anaulizwa kwanza alimfanya nini mume wake. Niliwahi kumsindikiza dada kama huyo katika kituo ambacho sitakitaja. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Askari alikuwa akila mahindi ya kuchoma, punje moja moja, na kitabu cha matukio kilikuwa wazi mbele yake. Tulipomkumbusha alisema gari halina mafuta. Hatukuwa tumeomba gari. Tulikuwa tumeomba aandike.

Andikisha. Hilo ndilo neno langu kubwa kwa wote wanaokuja mezani. Usiondoke bila namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako kwenye kitabu cha matukio. Namba hiyo husomeka, kwa mfano, 34/12/03/2025: ripoti ya 34, tarehe 12 mwezi wa tatu. Bila namba, hukwenda. Ukiwa umeumizwa, omba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, nayo ni bure, na uende hospitali siku hiyo hiyo kabla jeraha halijaanza kupona. Ukikataliwa, ulizia OCS, mkuu wa kituo. Ukienda na mtu mwingine, hata kama ni jirani asiyejua chochote, utaona tofauti. Mtu aliye peke yake ni rahisi kumwambia kesho.

Askari wakianza kuongea kilugha chao mbele yangu, ni haki?

Wana haki ya kuzungumza lugha yao wao kwa wao kama wewe ulivyo na yako. Kinachokatazwa ni kukuhoji au kukuandikia maelezo kwa lugha usiyoielewa. Lakini mimi ningekuwa mkubwa wao ningelikataza kabisa jambo hili kazini. Mtu aliyeketi sakafuni, hana viatu, anasikia watu watatu wenye bunduki wakicheka kwa lugha asiyoijua. Hata wakiwa wanazungumzia mechi ya Gor Mahia, yeye anasikia hukumu yake. Nimeona watu wakitoka na imani kwamba walipigwa kwa ajili ya kabila, na ukidadisi unakuta ushahidi wao wote ni kile kicheko.

Na hapana, polisi wa Kisumu si wa kabila moja, ingawa kila wiki naambiwa hivyo. Katiba, kifungu cha 238, inataka usajili wa vyombo vya usalama uakisi sura ya nchi.

Askari akificha jina lake?

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inamtaka aliye kwenye sare avae jina au namba yake ya huduma pahali panapoonekana. Kwenye maandamano utawaona wenye kofia za kufunika uso, kifua kitupu, gari lisilo na namba. Andika hilo pia kwenye malalamiko yako. Kuficha jina ni kosa kivyake, hata kama hukuguswa.

Kanjo je?

Askari wa kaunti si polisi. Wanaokunyang'anya mkokoteni pale soko la Jubilee au kwenye stendi ya Nakuru wanawajibika kwa serikali ya kaunti, na malalamiko dhidi yao IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, haiyashughulikii. Nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, watu huiita Ombudsman.

Malalamiko dhidi ya polisi nipeleke wapi?

Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliundwa kwa sheria ya 2011 ili raia wasiende kumshtaki polisi kwa polisi. Ina ofisi Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret, na simu ya bure ni 1559. Hakuna ada. Unaweza kwenda mwenyewe, kupiga simu au kuandika, kwa Kiswahili. Ndani ya polisi kwenyewe kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani, ambacho askari wenyewe wanakiogopa kuliko raia wanavyokiamini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo ina ofisi Kisumu.

Watu huja na hadithi ndefu isiyo na tarehe. Barua nzuri ina nusu ukurasa: siku, saa, mahali, walikuwa wangapi, wamevaa nini, gari gani, walisema nini kwa maneno yao wenyewe, nani aliona, namba ya OB, kadi ya hospitali. Maneno "kwa sababu mimi ni Mjaluo" au "kwa sababu mimi ni wa Bondeni" yaweke mwishoni. Kama waliyasema wao, yaandike kama walivyoyasema. Kama ni wewe unayehisi, sema unahisi. Mpelelezi anaheshimu tofauti hiyo.

Inasaidia kweli, au ni kuandika hewani?

Inasaidia polepole, na polepole ni neno la heshima. IPOA huchunguza, haishtaki. Faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kisha mahakamani, na kila mlango una foleni yake.

Kesi ya mtoto Pendo: uchunguzi wa kifo chake ulifanyika mbele ya hakimu hapa Kisumu, ambaye Februari 2019 aliwaelekezea lawama polisi na makamanda wao. Oktoba 2022, miaka mitano tangu msiba, Mkurugenzi wa Mashtaka aliidhinisha maafisa 12 washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Angekuwa hai angekuwa ameshaanza shule.

Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Mpasuaji wa maiti akasema majeraha yale hayakuwa ya kujigonga, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti. Watu wakashtakiwa kwa mauaji. Tofauti ya kesi hii na ile ya bunduki ya 2008 si kwamba askari wamekuwa wema. Safari hii karatasi zilikuwepo, daktari alisimama imara, na watu hawakunyamaza. Lakini Missing Voices, muungano wa mashirika ya haki za binadamu, ulihesabu mauaji 104 ya polisi na watu 55 waliotoweshwa katika mwaka wa 2024 pekee. Wengi wao hawakupata Seneti.

Kwa hivyo polisi wote ni wabaya?

Sijasema hivyo. Nimeona askari wa kike akimvua mtoto aliyepotea viatu vilivyolowa na kumvisha soksi zake mwenyewe. Nimeona OCS akimlazimisha kijana wake amrudishie mtu wa boda mia mbili, mbele ya watu. Na wanakoishi wamepaona wachache wetu: chumba kimoja, shuka ikigawanya familia mbili. Jopo lililoongozwa na aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga lilisikiliza askari nchi nzima na kupendekeza mishahara iongezwe na makazi yarekebishwe. Mtu anayeishi kwa kuonewa na wakubwa wake hatakuwa mwepesi wa kuona uonevu anaoufanya. Hiyo ni sababu. Si udhuru.

Na kama askari ni mtoto wa jirani?

Mtoto wa jirani yangu alisajiliwa polisi, mtaa ukamfanyia sherehe. Alipelekwa kaunti ya mbali. Alipokuja likizo alinisimulia kwamba huko yeye ndiye "wale watu", raia wanakatiza mazungumzo akipita. Nilimuuliza kama naye humulika watu viatu. Alicheka, akasema "kazi ni kazi, kaka," akabadilisha mada.

Usiku wa mwisho wa likizo tulitoka mjini kwa bodaboda, sisi wawili na dereva, yeye kavaa kiraia. Karibu na Kondele tukasimamishwa. Tochi ikamjia usoni, ikashuka kwenye viatu. Akatoa kitambulisho cha kazi. Tochi ikazimwa, wakasalimiana, wakaulizana kuhusu mkubwa fulani waliyemjua wote. Tukaambiwa twende. Tulikuwa tumeshatembea hatua kadhaa nilipogeuka, nikamwona kijana wa boda bado amechuchumaa kando ya pikipiki yake, mikono kichwani, akisubiri aambiwe kosa lake.